Jina, nasaba au tendo: dinari ipi ya koo za Roma ikufae?

Mtu anayeanza kuzifuatilia dinari za Jamhuri ya Roma hukwama mapema, na kinachomkwamisha si uhaba bali ni wingi. Tangu nusu ya pili ya karne ya 2 KK, wasimamizi wa sarafu, ambao walibadilishwa kila mwaka, walizidi kuitumia zamu yao kuweka kwenye fedha ya dola picha za koo zao wenyewe: ndama, tembo, mbwa mzee, nyota saba, mfalme aliyepiga magoti. Mwenye akiba ya kununua sarafu moja, mwalimu mwenye vipindi vitatu vya kufundisha na mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, hakuna kati yao awezaye kuzikumbatia zote. Makala haya yanalinganisha njia tatu za kuingilia: sarafu zinazochezea jina la ukoo, sarafu zinazodai nasaba ya miungu na mashujaa, na sarafu zinazokumbusha matendo ya mababu.

Neno dinari si geni kwetu. Denarius ya Warumi ilipita kwa Wagiriki na Waarabu hadi ikafika katika Kiswahili, na wasomaji wa Injili ya Mathayo wanaikumbuka kuwa ujira wa siku wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Ilianza kufuliwa yapata mwaka 211 KK, Roma ikiwa vitani na Hannibal, jemadari wa Karthago, na katika kipindi kinachotuhusu ilikuwa na uzito unaokaribia gramu 3.9 na upana wa milimita 18 hivi, yaani kila tukio nitakalolieleza limebanwa katika nafasi ya ukucha wa kidole gumba. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa kwa kawaida vijana watatu wa jamaa za kisiasa, ambao vyeo vikubwa vilikuwa bado mbele yao. Mwanzoni ukoo ulipata alama ndogo tu pembeni au herufi chache za jina, huku picha kubwa ikiwa ileile, kichwa cha Roma upande wa mbele na mapacha Castor na Pollux juu ya farasi upande wa nyuma. Baadaye ukoo ukautwaa upande mzima. Baadhi ya wanahistoria huhusisha mgeuko huo na sheria ya mwaka 139 KK iliyoleta kura ya siri katika uchaguzi wa viongozi, kwa kuwa mgombea ambaye hakuweza tena kumsimamia mpiga kura alihitaji njia nyingine ya kumkumbusha kwamba yeye ni mtoto wa nani.

Vipimo vinne

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. La kwanza ni usomekaji, yaani kama mtu asiyejua Kilatini anaweza kuielewa picha kwa maelezo machache, hata sarafu ikiwa imechakaa. La pili ni uthibitisho, yaani kama dai la picha linaweza kupimwa kwa ushahidi mwingine nje ya sarafu. La tatu ni upatikanaji, na la nne ni upana wa historia inayofunguka ukishaielewa picha.

Kipimo cha pili ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vingine. Picha ya ukoo kwenye sarafu ni dai la mhusika mwenyewe, wala si hati ya shahidi. Aliyeiagiza alikuwa na maslahi, na wapinzani wake hawakupewa nafasi ya kujibu. Kwa hiyo anayechagua njia anachagua pia aina ya dai atakalokuwa na nyenzo za kulipima. Namba nilizoziweka katika mabano ni za katalogi ya Michael Crawford ya mwaka 1974, ambazo makumbusho na wauzaji huzitumia, nawe ukizitafuta utaziona picha zenyewe bila gharama.

Njia ya kwanza: picha inayotamka jina

Warumi wa tabaka la juu walikuwa na jina la ukoo na, mara nyingi, jina la mlango wa ukoo ambalo lilianza kama lakabu. Msimamizi mwenye lakabu ya namna hiyo angeweza kuigeuza kuwa picha. Publius Furius Crassipes, ambaye jina lake la mwisho maana yake ni mwenye mguu mnene, aliweka mguu wa mtu nyuma ya kichwa cha mungu wa kike Cybele kwenye dinari ya mwaka 84 KK (356/1). Quintus Voconius Vitulus aliweka ndama, kwa sababu vitulus ni ndama, na Lucius Valerius Acisculus aliweka sululu ndogo, ambayo Kilatini huiita kwa jina hilohilo la acisculus.

Mfano ninaoupenda kuliko yote katika njia hii ni wa Lucius Lucretius Trio, mwaka 76 KK (390/1). Upande wa mbele pana kichwa cha Jua chenye miale. Upande wa nyuma pana mwezi mwandamo uliozungukwa na nyota saba, na kati ya nyota hizo limeandikwa neno TRIO. Nyota saba za kaskazini Warumi waliziita Septentriones, yaani ng'ombe saba wa kulimia, na hapo ndipo jina Trio linapoingia. Jua na mwezi navyo huenda vinalichezea jina Lucretius, kwa kuwa nuru kwa Kilatini ni lux. Huu ni ufundi wa fumbo uliokamilika: anga zima, usiku na mchana, limetumika kutamka majina mawili ya mtu mmoja.

Kwa usomekaji, njia hii ina sura mbili. Macho huiona picha haraka, kwa kuwa mara nyingi ni kitu kimoja kikubwa kinachobaki kuonekana hata fedha ikilika, lakini fumbo lenyewe halifunguki bila Kilatini kidogo. Sentensi moja ya maelezo inatosha, na watoto wa shule hulipokea kwa furaha kama wanavyopokea kitendawili. Kwa uthibitisho, iko imara, maana jina limeandikwa kando ya picha na hakuna anayehitaji kuamini hadithi yoyote. Hata hivyo si kila mnyama ni jina. Lucius Thorius Balbus, mwaka 105 KK (316/1), aliweka fahali anayekimbia kwa hasira. Wengine husema anachezea neno taurus, fahali, na wengine hulitafuta jibu katika neno la Kigiriki lenye maana ya kushambulia kwa kasi. Lililo wazi zaidi liko upande wa mbele, ambapo Juno aliyevaa ngozi ya mbuzi ni mungu wa Lanuvium, mji alikotoka Thorius.

Dinari hiyo ya Thorius ni miongoni mwa zinazopatikana kwa urahisi. Zile za Quintus Pomponius Musa (410), aliyechezea jina lake kwa kuwaweka Hercules na mabinti tisa wa sanaa, waitwao Musa, kwenye sarafu kumi tofauti, ni ghali, na baadhi yake ni adimu sana. Kwa upana wa historia, njia hii ndiyo nyembamba kuliko zote tatu. Inakuonyesha jinsi Warumi walivyoyapenda majina yao, lakini ukishalifumbua fumbo hayabaki mengi ya kufuatilia.

Njia ya pili: damu ya miungu na mashujaa

Koo kadhaa za Roma zilidai kwamba chimbuko lao ni miungu, wafalme wa kale au mashujaa wa vita vya Troya. Kwa maoni yangu, dinari ya Gaius Mamilius Limetanus ya mwaka 82 KK (362/1) ndiyo kilele cha njia hii, na pengine ndiyo picha yenye huruma nyingi kuliko zote katika sarafu za Jamhuri. Upande wa mbele yupo mungu Mercurius na kofia yake yenye mabawa. Upande wa nyuma anatembea mwanamume mwenye mavazi ya msafiri maskini, mkono mmoja umeshika gongo na mwingine unamnyooshea mbwa anayemwinulia kichwa. Huyo ni Ulysses, amerudi Ithaca baada ya miaka 20 akiwa amejigeuza ombaomba, na mbwa wake Argus, ambaye alimwacha akiwa mchanga, anamtambua bila kuambiwa na mtu. Homer anasimulia kwamba mbwa huyo alitikisa mkia, akalaza masikio, kisha akafa.

Ukoo wa Mamilius ulitoka Tusculum, mji wa jirani na Roma, ambao masimulizi yalisema ulianzishwa na Telegonus, mwana wa Ulysses na Circe. Na Mercurius alikuwa babu wa mama yake Ulysses. Pande mbili za sarafu, basi, ni ngazi mbili za nasaba moja, na mtazamaji aliyeyajua masimulizi angeweza kuzipanda mpaka kwa Mamilius mwenyewe, ambaye jina lake limeandikwa kando ya Ulysses.

Lucius Titurius Sabinus alikwenda njia nyingine mwaka 89 KK (344). Aliweka kichwa chenye ndevu cha Titus Tatius, mfalme wa Wasabini ambaye kwa mujibu wa hadithi alitawala Roma pamoja na Romulus. Upande wa nyuma wa aina mojawapo unaonyesha askari wawili wa Kirumi wakiwa wamewabeba wanawake wa Kisabini, na aina nyingine inamwonyesha Tarpeia, msaliti wa ngome ya Roma, amefunikwa na ngao hadi kiunoni huku mikono yake ikiwa juu. Mwaka huo Roma ilikuwa vitani na washirika wake wa Italia waliodai uraia. Sarafu iliyokumbusha kwamba Warumi na Wasabini walianza kwa kutekana wakaishia kuwa watu wamoja huenda ilisema jambo la siku ile, licha ya kutukuza lakabu ya Sabinus.

Usomekaji wa njia hii unategemea hadithi unazozijua. Anayemfahamu Ulysses hahitaji maelezo yoyote, na asiyemfahamu ataona mzee na mbwa. Katika uthibitisho ndipo njia hii inapodai uangalifu mkubwa, maana hakuna nyaraka itakayothibitisha damu ya Mercurius. Livius, mwanahistoria wa Kirumi, alipomtaja mtu wa kale wa ukoo wa Mamilius aliisema nasaba ya Ulysses na Circe kwa sharti la kuyaamini yanayosimuliwa. Hata hivyo sioni kuwa huu ni udhaifu wa kuifanya njia iachwe. Kinachopimika ni kwamba dai lilijulikana, lilikubalika kusemwa hadharani, na lilimfaa aliyelisema katika mwaka fulani. Kwa upatikanaji, dinari za Titurius ziko nyingi. Za Mamilius nazo hupatikana, ila mnunuzi amtazame mbwa kabla ya kutazama kingine chochote, kwa sababu sarafu iliyompoteza Argus imepoteza kisa chote. Ukingo wake umekatwa meno kama msumeno, na Tacitus aliandika karibu karne mbili baadaye kwamba Wajerumani walizipendelea dinari za namna hiyo. Meno hayo yasichukuliwe kuwa dhamana, kwani zipo sarafu za kale zenye meno ambazo ni shaba iliyovikwa ngozi ya fedha.

Njia ya tatu: walichokifanya waliotangulia

Mwaka 250 KK Lucius Caecilius Metellus aliwashinda Wakarthago mbele ya Panormus, yaani Palermo ya leo huko Sisilia, akawateka tembo wao wa vita na kuwapitisha Roma mbele ya watu. Tangu hapo tembo akawa alama ya ukoo wa Caecilius Metellus. Mwaka 127 KK Marcus Metellus alikiweka kichwa cha tembo katikati ya ngao ya Kimakedonia (263/1), na kwa kufanya hivyo aliunganisha ushindi wa babu yule na ushindi wa baba yake mwenyewe, aliyeishinda Makedonia mwaka 148 KK. Mwaka 125 KK Gaius Metellus akamweka Jupiter katika gari linalovutwa na tembo wawili (269/1). Mwaka 81 KK Quintus Metellus Pius akamweka tembo upande wa nyuma, na upande wa mbele kichwa cha Pietas, yaani utiifu kwa wazazi na miungu, pamoja na korongo, ndege ambaye watu wa kale walisema huwatunza wazazi wake wakizeeka (374/1). Lakabu ya Pius aliipata kwa kupigania baba yake arudishwe kutoka uhamishoni. Sijui njia bora ya kuona jinsi alama moja inavyorithiwa na kuongezewa maana kuliko kuzipanga sarafu hizi tatu mezani.

Si kila tendo ni la vita. Publius Porcius Laeca, karibu mwaka 110 KK (301/1), alionyesha kiongozi mwenye mavazi ya kijeshi akiinua mkono juu ya raia aliyevaa toga, nyuma yake akiwa mtumishi mwenye fimbo, na chini limeandikwa neno moja: PROVOCO, yaani nakata rufaa. Watu wa ukoo wa Porcius walijivunia sheria zilizomkinga raia dhidi ya viboko na kifo bila rufaa. Msomaji anayekumbuka jinsi Paulo, katika Matendo ya Mitume, alivyotaja uraia wake alipokuwa amefungwa tayari kupigwa, ataiona haki hiyohiyo ikiwa hai zaidi ya karne moja baadaye.

Njia hii inatawala katika kipimo cha uthibitisho, hata pale inapoumbuka. Mwaka 58 KK Marcus Aemilius Scaurus alimweka mfalme Aretas wa Wanabatea akiwa amepiga magoti kando ya ngamia, ameshika tawi la mzeituni (422/1). Hapa hata hakumtaja babu. Tendo lilikuwa lake mwenyewe, jambo lililokuwa geni bado. Lakini Josephus anasimulia kwamba Scaurus aliyekuwa na shida ya chakula jangwani alikubali kuondoka baada ya kulipwa talanta 300. Picha inasema kusalimu amri, na mwandishi anasema malipo. Faustus Cornelius Sulla, mwaka 56 KK (426/1), alimwonyesha baba yake Sulla ameketi, mfalme Bocchus wa Mauretania akimpa tawi, na Jugurtha wa Numidia amefungwa mikono. Plutarch anasema Sulla alikuwa na pete yenye tukio hilo, na kwamba ilimchukiza Marius, jemadari aliyeona sifa ya vita vile ni yake.

Dinari ya Marcus Junius Brutus ya mwaka 54 KK (433/1) inasimama kati ya njia hii na ya pili. Inamwonyesha Lucius Brutus, ambaye kwa masimulizi ndiye aliyewafukuza wafalme mwaka 509 KK, akitembea kati ya walinzi wabebao fimbo, huku upande wa mbele ukiwa na kichwa cha Uhuru. Tendo lilikuwa maarufu, lakini nasaba ilibishaniwa tangu zamani, kwa kuwa Brutus wa kwanza aliwaua wanawe na wapinzani walisema hakuacha uzao. Miaka kumi baada ya sarafu hiyo, mjukuu huyo aliyedai damu ile alikuwa miongoni mwa waliomuua Julius Caesar.

Matukio ya njia hii yana watu wengi katika nafasi ndogo, hivyo sarafu iliyochakaa haisomeki vizuri, na tembo pekee ndiye anayevumilia. Ya Scaurus hupatikana kwa wingi. Ya Brutus hutafutwa sana na bei yake hupanda kwa sababu ya jina. Ya Faustus ni ghali.

Njia mbili uso kwa uso Afrika

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 47 hadi 46 KK viliziweka njia ya pili na ya tatu katika kambi mbili zinazopigana. Caesar alifua dinari yenye Venus upande wa mbele na, upande wa nyuma, Aeneas akiikimbia Troya na baba yake Anchises begani (458/1), kwa kuwa ukoo wa Julius ulidai kushuka kutoka kwa Venus kupitia Aeneas. Wataalamu wengi huihusisha sarafu hiyo na kampeni yake ya Afrika ya Kaskazini. Mpinzani wake huko, Metellus Scipio, alifua dinari yenye Jupiter na tembo (459/1). Scipio alizaliwa katika ukoo wa Cornelius na akaingia kwa akina Metellus kwa kuasiliwa na Pius, kwa hiyo tembo wa Panormus alimfikia bila damu. Mshirika wake, mfalme Juba wa Numidia, alikuwa na tembo wa kweli, nao hawakumwokoa Scipio pale Thapsus mwaka 46 KK.

Anayezilinganisha sarafu hizi asizichanganye na nyingine ya Caesar, iliyotangulia kidogo (443/1), yenye tembo anayekanyaga kitu kama nyoka. Maana yake bado inabishaniwa, na tembo huyo si wa akina Metellus.

Kwa hali yako

Ikiwa una fedha ya sarafu moja na hutaki kutumia nyingi, tafuta ya Thorius au ya Titurius yenye jina linalosomeka, au ile ya Caesar yenye Aeneas, ambayo ilifuliwa kwa wingi ingawa jina la Caesar huipandisha bei. Ukiwa na fedha zaidi na unataka picha ya kukaa nayo miaka mingi, subiri dinari ya Mamilius yenye mbwa kamili hata ikikuchukua muda.

Mwalimu wa watoto aanze na njia ya kwanza, kwa Trio na ndama wa Voconius, kwa kuwa fumbo huwafanya waulize. Mwalimu wa sekondari atapata zaidi kwa Laeca, maana rufaa inajadilika bila kujua vita vyote vya Roma. Wote wawili hawana haja ya kununua chochote, picha za makumbusho zinatosha. Mwanafunzi wa historia achague njia ya tatu, hasa Scaurus au Brutus, ambapo sarafu na waandishi wa kale hupishana na tasnifu hupata swali lake. Anayevutiwa na jinsi watu wanavyotengeneza ukoo wao kwa masimulizi atafaidi njia ya pili, mradi asiitake ithibitishe damu. Mpenda kukusanya mfululizo mrefu atalinganisha tembo wa akina Metellus, wanaoanza 127 na kuishia 46 KK, na Musa wa Pomponius, akijua kwamba mfululizo wa pili una uzuri mkubwa zaidi na gharama kubwa zaidi.

Anayenunua, kwa njia yoyote ile, apime uzito, aukague ukingo kama una mstari wa kuungwa unaofichua sarafu ya kumiminwa kwenye kalibu, na adai karatasi zinazoonyesha ilikotoka. Italia, Ugiriki na Uturuki zina sheria kali kuhusu mali za kale, na sarafu isiyo na historia ya umiliki inaweza kuwa imechimbwa kwa wizi. Muuzaji asiyeweza kujibu ilikotoka, mwache hata bei yake ikiwa nafuu.